Mara Ambayo Simu Ilikuwa Imejaa

Mwanamke aliyeleta kochi lililobonyea katikati hakuanza na habari za kochi. Alisimama mlangoni mwa karakana, akamwangalia Fundi kuanzia kilembani hadi kwenye kandambili, kisha akapiga makofi.

"Kumbe ni wewe! Yule wa kwenye simu! Mwenzangu, nililia mpaka mume wangu akaja mbio akidhani nimefiwa."

Fundi akacheka, akafuta mikono kwenye aproni. Alishazoea. Tangu video ile irushwe mtandaoni, watu asiowajua walikuwa wakimshika mkono sokoni, na wengine walimwita kwa mbali, makusudi tu, wapate kumwona akigeuka. Naye aligeuka. Mtu aliyekaa miaka mingi bila kusikia hata honi ya lori haishiwi hamu ya kugeuka anapoitwa.

Masikio yake yalianza kuziba akiwa msichana, baada ya homa kali, na yakaendelea kuziba polepole bila maumivu yoyote. Alipofungua karakana yake ya makochi, alikuwa akijua cherehani linakwenda kwa kuligusa tu. Alijifunza kusoma midomo ya watu, akawa hodari kiasi kwamba wateja wengine waliondoka bila kugundua kitu. Kisha akaolewa na kinyozi wa mlango wa pili, mtu mwenye maneno mengi kama redio isiyozimwa. Mtaa mzima ukawatania kwamba hiyo ndiyo ndoa yenye amani kuliko zote. Kinyozi hakujali. Kwa ajili ya mkewe hakuwahi kufuga masharubu hata siku moja, ili midomo yake isomeke vizuri, na akizungumza naye alisogea kwenye mwanga. Lakini sauti yake Fundi hakuwahi kuisikia. Alijua tu jinsi inavyotetema akiegemeza kichwa kifuani mwake, na kutokana na mtetemo ule akajitengenezea sauti moja nene, nzito, ya mtu mkubwa.

Baadaye zikaja zamu zao za hospitali, vipimo, kusubiri na kuambiwa warudi, mpaka siku moja akavishwa vifaa viwili vidogo vya kusikia, vyenye rangi ya ngozi, vinavyokaa nyuma ya sikio. Siku hiyo ndiyo iliyokuwa kwenye video.

"Ulijisikiaje lakini, ile dakika yenyewe?" mteja akauliza, huku akijikalisha juu ya kochi lake bovu. "Nataka nisikie kutoka mdomoni kwako."

Fundi akasimulia kama alivyokwisha kuwasimulia wengi. Alikuwa amekaa kwenye kiti, amevaa blauzi ya njano, mumewe amesimama pembeni. Mtaalamu akawasha. Mumewe akasema, "Unanisikia?" Yeye akageuka, uso ukakunjamana, mkono ukaenda mdomoni, machozi yakaanza kumtoka, na kilemba kikateleza upande mmoja...

Hapo akanyamaza.

Kilemba. Alikuwa anakiona kilemba chake. Aliiona blauzi ya njano kwa mbele, na shavu lake mwenyewe la kulia likilowa. Sasa mtu aliyekaa kwenye kiti anawezaje kuliona shavu lake?

"Kuna nini?" mteja akauliza.

"Hakuna kitu. Inuka nilione kochi lako."

Akalipindua kochi, akang'oa pini za kitambaa cha chini moja baada ya nyingine, akakuta mikanda ya mpira imekatika na sponji imeliwa na panya. Mikono yake ilifanya kazi, ila akili ilikuwa kwingine. Alijaribu kukaa tena kwenye kile kiti cha hospitali, kwa ndani, na kutazama mbele. Hakuona kitu. Kila alipojaribu, alijikuta amesimama pale iliposimama simu, anamtazama mwanamke wa blauzi ya njano akilia. Wala hakuhuzunika. Alishangaa, kama mtu anayepapasa mfukoni na kukuta funguo ambazo si zake.

Tena palikuwa na jambo jingine, ambalo watu wa mtandaoni hawakulijua. Ile ya kwenye video haikuwa mara ya kwanza. Ilikuwa mara ya pili.

*

Video ilichukuliwa na binti wa kaka yake, msichana aliyekuwa akiuza viatu mtandaoni, ambaye watu wote walimwita Chaji kwa sababu hakuna nyumba aliyowahi kuingia bila kuuliza pa kuchomekea simu. Alikuwa na kawaida ya kuja karakanani kupiga picha viatu vyake juu ya makochi yaliyokamilika kabla wenyewe hawajaja kuyachukua. Jioni ile alikuwa amepanga jozi ya viatu vyekundu kwenye kochi la kijivu, amepiga magoti mbele yake kama anaviomba msamaha.

"Chaji, mara ya kwanza ilikuwaje?"

"Mara ya kwanza ya nini, Shangazi?"

"Nilipowashiwa. Kabla ya ile uliyorekodi."

Chaji akakaa sakafuni, akafikiri. "Mimi nilikuwa napambana na simu. Iliandika imejaa. Nikawa nafuta picha za viatu, nafuta, nafuta. Nilipoinua kichwa mlikuwa mmeshamaliza."

"Tumemaliza nini?"

"Kusikia."

Fundi akacheka mpaka akashika kiuno. Chaji naye akacheka, ila akawa na wasiwasi kidogo.

"Kwani kuna tofauti, Shangazi? Nilimwomba mtaalamu azime, akazima. Nikasema fanyeni kama ndiyo mara ya kwanza. Akawasha, ukasikia, ukalia. Sikukupaka pilipili machoni."

"Sijasema umenipaka pilipili. Nauliza tu."

"Unauliza kwa nini?"

Fundi akaangalia kochi la kijivu. "Watu wanaona kitambaa, wanasema zuri. Mimi nikiliona nataka kujua ndani wameweka nini. Sasa hili ni langu mwenyewe na sijui ndani kuna nini. Ile video nimeiona mara nyingi sana, Chaji. Imekaa juu ya kitu. Nataka kujua imekalia nini."

"Mimi siwezi kukusaidia," Chaji akasema kwa unyonge. "Nilikuwepo, lakini ukweli ni kwamba sikuwepo."

*

Wiki ile alikuwa na miadi ya kurekebishiwa vifaa. Mtaalamu wa masikio alikuwa mama mmoja mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni, mpole, asiyeinua macho mara kwa mara kutoka kwenye kompyuta yake. Fundi alikaa kwenye kiti kile kile, kwenye chumba kile kile kidogo chenye kuta za sponji. Akatazama mbele. Akaona meza, na picha kubwa ya sikio lililopasuliwa kama papai. Picha ile hakuikumbuka kabisa.

"Nataka kukuuliza jambo la ajabu," akasema. "Uliponiwashia mara ya kwanza, kabla binti yetu hajakwambia uzime, nilifanya nini?"

Mtaalamu akavua miwani. "Ulisema, 'Nani anakaanga?'"

"Mimi?"

"Wewe. Ulitazama mlangoni ukasema, 'Nani anakaanga?' Nikaelewa. Ilikuwa feni." Akanyoosha kidole darini. "Wengi hawasikii watu kwanza. Wanasikia feni, karatasi, mate yao wenyewe wakimeza. Sauti ya mtu huja baadaye, ubongo ukishapanga vitu vyake."

"Niwashie."

Mtaalamu akainuka, akawasha feni. Fundi akafumba macho, akasikiliza kwa nguvu zake zote. Ilivuma kama feni. Alijaribu kuifanya ikaange, haikukaanga.

"Haitakubali tena," mtaalamu akasema. "Ukishajua ni feni, umeshajua. Huwezi kurudi ukawa hujui."

"Na baada ya hapo? Nilisema nini kingine?"

"Hapo ndipo nilipogeukia kompyuta, nipunguze zile sauti kali. Mumeo alisema kitu, ukamjibu. Sikufuatilia." Akacheka peke yake. "Tangu video yenu isambae wamenijia wengi, wengine na simu tatu tatu. Kuna mzee alikuja na wanawe, wote wamenyoosha simu. Nikamwashia. Akasikia vizuri tu. Akasema, 'Sawa. Twendeni tukale.' Wanawe wakanilaumu mimi! Wakaniomba nizime nianze upya."

"Ukafanya?"

"Nikafanya. Mzee akasema ameshasema anataka kula."

Walicheka wote wawili. Kisha mtaalamu akamrekebishia vifaa, akapandisha hiki na kushusha kile, akamwambia kuanzia sasa maneno yatakuwa makali zaidi, hata ya mtu aliyempa mgongo. Fundi akaondoka na neno moja alilopewa, nani anakaanga, akilirudiarudia njiani. Lilimfurahisha. Lakini lilikuwa kama habari za mtu mwingine. Na palikuwa na lile jingine: mumewe alisema kitu, akamjibu. Alimjibu nini?

*

Fundi alimuuliza mumewe wakiwa mezani, wakila.

"Bwana Kinyozi, nilipokusikia mara ya kwanza nilisema nini?"

Kinyozi akajaza mdomo. "Ulilia," akasema baada ya kutafuna kwa muda mrefu kuliko chakula kilivyohitaji. "Si ipo kwenye video?"

"Hiyo ni ya pili. Nauliza ya kwanza."

"Ya kwanza, ya pili, yote si siku moja? Niongezee mchuzi."

Akamwongezea. Mtu anayeweza kusimulia mechi ya mpira kwa muda mrefu kuliko mechi yenyewe alikuwa amekosa maneno. Fundi hakumsukuma. Ila alianza kumwangalia, na akagundua jambo ambalo hakuwa amelitilia maanani: mumewe aliiangalia ile video kila siku. Aliiangalia asubuhi akisubiri maji yachemke. Aliiangalia kwenye kiti chake cha kunyolea pasipokuwa na mteja. Aliiangalia pale tu, pale anaposema "Unanisikia?" na Fundi anageuka. Kisha anarudisha nyuma.

Fundi alidhani ni majivuno. Akasema moyoni, mwache naye, si amekuwa maarufu.

Karakana na kibanda cha kinyozi vilitenganishwa na ukuta wa mbao nyembamba. Kwa miaka yote ya ndoa yao, upande wa pili wa ukuta ule ulikuwa kimya kwa Fundi. Kumbe Kinyozi alikuwa akiongea humo kutwa nzima, akijua mkewe hata akiegemeza sikio kwenye mbao hapati kitu. Na mazoea hayavuliwi kama shati. Ingawa mkewe sasa alisikia, Kinyozi alikuwa bado hajajifunza kupunguza sauti.

Alasiri moja Fundi alikuwa akinyoosha kitambaa juu ya kiti, pini zimejaa mdomoni, mashine ya kunyolea ikinguruma upande wa pili. Ikazimwa. Akasikia mteja, fundi bomba rafiki wa mumewe, akisema, "Lakini wewe una bahati. Mke kulia kwa kusikia sauti yako! Wangu akisikia yangu anatoka nje."

Watu wakacheka. Kisha sauti ya mumewe, nyembamba, yenye kukwaruza kidogo, isiyofanana kabisa na ile aliyoitengeneza mwenyewe kichwani.

"Wewe usidanganywe na video. Nitakwambia, ila usiende nayo mbali. Mara ya kwanza hakulia."

"Alifanyaje?"

"Miaka yote hiyo nilikuwa najiuliza: siku akinisikia, atafanya nini? Nilifanya hadi mazoezi, nikiwa peke yangu, mbele ya kile kioo. Nitamwambia hivi, nitamwambia vile. Siku ikafika. Nikasema, 'Unanisikia?' Unajua aliniambia nini? Aliinua mkono hivi, hata hakunitazama. Akasema, 'Nyamaza kwanza.'"

Fundi bomba akaangua kicheko. Kinyozi naye akacheka, lakini kicheko chake kilikatika mapema.

"Ndiyo maana naipenda ile video," akasema. "Mle ndani sijaambiwa ninyamaze."

Mashine ikawashwa tena.

Fundi akatema pini kwenye kiganja, moja moja. Akakaa juu ya kile kiti ambacho hakijamalizwa, huku kitambaa kimening'inia upande mmoja.

Nyamaza kwanza. Maneno yalikuwa yake, aliyatambua. Ndivyo anavyosema akiwa anapima kitambaa na mtu anamchanganya. Na kwa maneno yale kitu kikasogea. Akaona magoti yake mwenyewe. Akaona mkoba juu ya magoti, na zipu ya mkoba iliyoharibika, ambayo alikuwa akiifungua na kuifunga kwa woga, na ghafla zipu ile ikawa na sauti. Zrrr. Hicho ndicho kilichokuwa cha kwanza! Wala si feni. Zipu kwanza, kisha huko juu mtu anakaanga, kisha kitu kinameza, naye ndiye aliyemeza, kisha karatasi ikapita kama upepo mkali. Vilikuja vyote pamoja, vikigombania mlango mmoja, naye alitaka kuvikamata kimoja kimoja avijue. Katikati ya hayo kikaangushwa kitu kingine kikubwa, karibu sana na sikio. Hakujua kuwa ni mtu. Akainua mkono.

Akabaki pale akijiuliza. Je, amekumbuka, au amejishonea kutoka kwenye vipande vya watu? Feni alipewa na mtaalamu. Mkono alipewa na mumewe sasa hivi. Lakini zipu hakupewa na mtu. Na magoti aliyaona kwa juu, yalivyo kwa mwenye magoti.

*

Alisubiri wateja waishe. Alipoingia kwa kinyozi, mumewe alikuwa akifagia nywele, amempa mgongo.

"Kwa hiyo nilikwambia unyamaze," akasema.

Ufagio ukasimama. Kinyozi akageuka, na kwa mazoea akasogea kwenye mwanga ili midomo yake isomeke. Kisha akakumbuka kwamba hakuna haja tena, akabaki hajui asimame wapi.

"Umesikia?"

"Ukuta wako ni mwembamba."

"Mke wangu, yale ni maneno ya kinyozini tu..."

"Kwa nini hukuniambia nilipokuuliza?"

Akakaa kwenye kiti cha wateja. "Ningekwambiaje? Ulikuwa na furaha. Dunia nzima ina furaha. Mimi nije na maneno kwamba uliniinulia mkono kama nzi?"

Fundi akachukua kigoda akakaa mbele yake. Akamweleza yote: zipu, kukaanga, karatasi, kile kitu kikubwa kilichoanguka karibu na sikio. "Sikujua ni wewe," akasema. "Nilikuwa na sauti yako kichwani, nene hivi, kama ya mtu wa ngoma kubwa. Nilikuwa naisubiri hiyo. Hii iliyokuja sikuitambua."

"Kwa hiyo ni nyembamba."

"Ni nyembamba, mume wangu."

Kinyozi akakohoa. Kisha akauliza swali ambalo ni dhahiri alikuwa nalo kwa muda mrefu. "Sasa yale machozi ya kwenye video. Yalikuwa ya nini? Chaji alisema tufanye kama mara ya kwanza. Ulikuwa unafanya kama?"

Fundi angeweza kumpa jibu la haraka la kumfurahisha. Lakini jambo lenyewe lilikuwa limemshika, alitaka kulijua hata yeye, kwa hiyo akalitafuta taratibu, kwa sauti.

"Nilianza kwa kuigiza," akasema. "Hilo kweli. Nilijua utasema nini, nilijua nigeukie wapi. Nikajiweka tayari kushangaa. Wewe ukasema yale yale, 'Unanisikia?' Lakini uliyasema kama mtu anayegonga mlango wa nyumba aliyofukuzwa. Polepole. Nikausikia woga wako. Mimi nimekuona ukiogopa mara nyingi, najua uso wako ukiogopa unakuwaje. Sikujua kwamba woga nao una sauti. Nikageuka kuigiza, machozi yakanitangulia."

"Kwa hiyo yalikuwa ya kweli."

"Ya kweli. Ila si ya mara ya kwanza. Na kama simu ya Chaji isingejaa, nisingelia kabisa. Watu wangeona mwanamke anayeuliza nani anakaanga na kumnyamazisha mumewe."

Kinyozi akaanza kucheka, na safari hii kicheko hakikukatika. "Ningekuwa kinyozi wa kwanza kudhalilishwa na feni," akasema.

*

Chaji alipoombwa aandike chini ya video kwamba ile ilikuwa mara ya pili, aliruka. "Shangazi, wataniambia nimewadanganya! Hawataninunulia hata kamba ya kiatu."

"Basi andika na mengine yote. Andika zipu, andika feni, andika nyamaza kwanza. Mwulize mjomba wako kama anakubali."

Kinyozi alikubali, kwa sharti kwamba Chaji asiandike kuwa sauti yake ni nyembamba. Chaji akaandika. Wapo waliokasirika kama alivyohofia. Mmoja alidai arudishiwe machozi yake. Lakini kisha wakaanza kuja wengine, watu waliovaa vifaa kama vyake, nao wakaandika walichosikia wao. Mmoja alisikia jokofu, akadhani kuna mtu analalamika chumbani. Mwingine alisikia nyayo zake mwenyewe, akageuka kuona nani anamfuata. Mwingine aliandika kwamba alirekodiwa akitabasamu, na watu wote wanasema tabasamu zuri, na hakumbuki kitu chochote cha siku ile zaidi ya viatu kumbana. Fundi alizisoma zote, akiwa na kikombe cha chai, akimwita mumewe kila mara: "Njoo usikie na hii!"

Mwisho wa mwezi kaka yake Fundi, baba yake Chaji, akaja kutembea. Alikuwa akiishi mbali na hawakuwa wameonana tangu vifaa vipatikane. Huyu sauti yake Fundi alikuwa ameisikia, zamani, utotoni, kabla ya homa. Kwa hiyo aliogopa zaidi kuliko alivyoogopa hospitali. Alifagia sebule ambayo ilishafagiliwa.

"Nirekodi au nisirekodi?" Chaji akauliza.

Fundi akafikiri kwa dhati. Alijua kwamba simu ikimwangalia atajiangalia. Lakini pia alijua hamu yake mwenyewe: kesho yake atataka kujua ilikuwaje, na wote watakuwa wameshasahau au wameshaongeza chumvi. "Rekodi sauti tu," akasema mwishoni. "Iweke kifudifudi, halafu wewe ukae hapa, macho huku."

Mlango ukagongwa. Kaka yake akaingia na begi, jasho linamtiririka, akasema, na Fundi akashika ukingo wa meza, kwa sababu aliyeongea alikuwa baba yao mzazi. Sauti ya baba yao, na ule mkwaruzo wake wa mwisho wa neno, imetoka kwenye uso wa kaka yake mdogo ambaye mara ya mwisho kumsikia alikuwa mtoto wa kuimba kama kinanda. Chaji, macho yakiwa huku kama alivyoambiwa, alimwona shangazi yake akicheka na kutikisa kichwa, akisogea karibu na kumwambia kaka yake, "Sema tena. Sema chochote."

Jioni, wakiwa wamekaa wote, ubishi ukaanza. Fundi akasema neno la kwanza la kaka yake lilikuwa "maji", kwamba aliingia akaomba maji. Kaka yake akaapa kwamba aliingia akasema "dada". Kinyozi akasema amesikia habari za barabara mbovu.

"Wekeni ile ya Chaji," kaka akasema. "Tumalize."

Chaji akaichukua simu, akaiwasha, wote wakasogeza vichwa. Simu kule kifudifudi mezani ilikuwa imerekodi meza. Ilisikika kiti kikiburutwa, kitu kikigongana na glasi, pumzi ya Chaji mwenyewe, halafu muungurumo wa mtu mnene anayezungumza ndani ya pipa. Linaweza kuwa maji. Linaweza kuwa dada.

"Rudisha," Fundi akasema, akakunja uso, akasogeza sikio karibu kabisa.

Chaji akarudisha.

"Maji," Fundi akasema.

"Dada," akasema kaka yake.

"Rudisha tena," akasema Kinyozi.